Kinywa cha Mtume Nashoni

Felista alilima wimbi la uji kwenye mteremko ule ule wa Susuni kwa miaka arobaini na moja. Alizaa watoto wanne, akazika wawili, akamzika na mume. Mbuzi wa mwenyekiti wa kitongoji alipoingia shambani kwake mara ya tatu, alimkamata, akamvuta kwa kamba hadi nyumbani kwa mwenyekiti, akamfunga kwenye mguu wa meza, mwenyekiti akiwa bado anakula. Hakuwahi kuchelewa ibada hata Jumapili moja.

Hayo yote binti yake Elieth aliyaandika kwenye karatasi ya daftari siku ya tatu ya msiba, akiwa amekaa juu ya gunia la mahindi kwa sababu viti vyote vilikuwa nje kwa wageni. Ulikuwa ndio wasifu wa marehemu, wa kusomwa kesho yake kabla ya kuzika. Alipofika kwenye ugonjwa aliandika hivi: mama aligundulika na kisukari, akajichoma sindano asubuhi na jioni kwa miaka tisa, na mwezi wa saba mwaka huu akaziacha. Hapo kalamu ikagoma.

Mwinjilisti Joel akamkuta hapo hapo. Alikuwa msaidizi wa Mtume Nashoni, kijana mtaratibu, anayetembea na Biblia yenye zipu.

"Bwana asifiwe, dada Elieth. Pole sana. Mtume ameniomba niupitie wasifu."

Akausoma amesimama. Akacheka kidogo penye mbuzi. Penye sindano akaacha kucheka.

"Hii sentensi itoke, dada."

"Ni uongo?"

"Si uongo. Ila haimtukuzi Mungu. Mama alipokea uponyaji mbele ya uwanja mzima. Sasa ukiandika kisukari, yule aliyeamini kwa sababu yake unamwambia nini?"

"Namwambia arudi kliniki."

Joel akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi. "Uchungu unakusemesha. Andika hivi: alilala akiwa mzima, mshindi. Kesho Mtume atamalizia." Akakunja karatasi, akaitia kwenye zipu ya Biblia, akatoka.

Elieth alibaki na kalamu mkononi na hasira. Sehemu kubwa ya hasira ile ilimlenga Mtume Nashoni. Ila sehemu nyingine hakutaka kuiangalia, kwa maana ilimlenga yeye mwenyewe.

Mtume Nashoni alikuja Susuni kutoka Mwanza, na Kikurya hakukijua hata cha kuombea maji. Wazee wa hapo, na hasa akina mama, Kiswahili chao ni cha sokoni: bei, chumvi, shikamoo, kwa heri. Mhubiri asiye na mkalimani Susuni anawahubiria vijana na kuku. Basi wakamtafuta mkalimani, na watu wote wakamtaja Elieth. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, alikuwa katibu wa kwaya, na sauti yake ilikuwa inafika mbali bila kupiga kelele. Baada ya siku ya kwanza ya mkutano Mtume alimshika bega mbele ya watu akasema, "Huyu dada Mungu amempa kinywa." Elieth aliipenda sifa ile. Alienda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa, anaogopa kumwaga.

Siku ya tatu, kwenye uwanja wa shule, Mtume aliwaita wagonjwa mbele. Akawawekea mikono, wengine wakaanguka, wengine wakalia. Kisha akasema lile neno. "Ukishaponywa, halafu ukaendelea na dawa, unamwambia Mungu kwamba ni mwongo. Itupeni leo. Na kurudi kupima ni kumtega Mungu."

Elieth akaligeuza. Wala halikumpa shida. Kikurya kilikuja chenyewe, kizito, na wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Mtume alikuwa amesema kama mtu anayetangaza, lakini Elieth alisema kama mtoto wa pale anayewaonya watu wake. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa pili, kanga imefungwa kifuani, macho hayakumtazama Mtume hata kidogo. Yalikuwa kwa binti yake.

Kesho yake asubuhi Elieth alimkuta mama anamimina dawa ya sindano kwenye shina la mgomba.

"Mama, ngoja kwanza. Twende Tarime wapime, waseme wenyewe kwamba kisukari hakipo."

"Wapime nini? Jana ulisema kupima ni kumtega Mungu."

"Nilikuwa natafsiri, mama."

Felista akainua uso. "Kwa hiyo ulikuwa unatuambia usichokiamini?"

Kuna maswali ambayo mtu akiyajibu haraka ataokoa maisha, na akiyafikiria sana atapoteza. Elieth alifikiria. Aliona uwanja mzima, aliona mkono wa Mtume begani, akaona aibu ya kusema hapana, kumbe nilikuwa napiga domo tu. Akanyamaza. Mama akachukua kichupa kingine, kizima, ambacho hakijafunguliwa, akakitupa jalalani, akaenda kupalilia.

Jumapili ile Felista alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Siku ya nane akaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Siku ya kumi akawa anatapika, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Akina mama wa maombi wakajaa chumbani, wakiongozwa na Rose, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri ambaye hakuwa na shaka na jambo lolote duniani. Elieth akampigia simu Mtume, aliyekuwa amerudi Mwanza.

"Ni adui anatoka na vurugu," Mtume alisema. "Usiiaibishe imani ya mama yako dakika za mwisho, dada."

Kaka yake Elieth, Machage, aliyekuwa anachimba dhahabu kule Kerende, ndiye aliyefika na kuuliza mnafanya nini. Akampakia mama kwenye bodaboda, akamkumbatia kwa nyuma njia nzima hadi Tarime. Daktari alipouliza kuhusu kisukari, Machage akajibu kwa niaba ya wote, maana ndivyo alivyoambiwa kwa simu: "Alishapona, daktari. Hana tena." Daktari alitazama kipimo, akamtazama Machage, akaendelea na kazi. Elieth alikuwa amesimama nyuma yao. Hakusema kitu pale pia. Kulipokucha siku ya pili, mama akakata roho.

Sasa ukiwaambia watu kwamba mtu alikuwa mzima kabisa, halafu akafa, umewaachia swali. Na huku kwetu swali hilo lina jibu lake tangu zamani. Mzima hafi hivi hivi. Kuna aliyemla.

Joel alipokuwa ndio kwanza ameondoka na wasifu, Rose na wenzake walikuwa wanasafisha chumba cha marehemu ili jeneza lilale humo usiku mmoja. Walivuta kitanda. Chini yake palikuwa na beseni la mchanga, na ndani ya mchanga chungu kidogo cheusi kimezikwa hadi shingoni, mdomo wake umefungwa kwa nailoni na uzi. Mchanga ulikuwa umelowa. Mama amekufa siku tatu, chumba kimefungwa, lakini mchanga bado unatoa maji ukiubonyeza.

"Msiguse," Rose alisema. Akarudi nyuma hadi ukutani. "Hiki chungu nakijua. Hiki ni cha Ghati."

Ghati alikuwa mke mkubwa wa marehemu baba. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa boma, hatua thelathini. Hakuwa mtu wa kanisa. Alivuta ugoro, alitukana vizuri, na alikuwa ameishi na Felista kama wanavyoishi wake wenza: wakigombana juu ya mpaka wa mihogo asubuhi, wakipelekeana moto jioni. Na wanawake wakaanza kukumbushana. Si ndiye aliyekuwa akiingia humu kila siku na kibuyu cha maji? Si ndiye aliyekataa kuja kuombewa? Joel akarudishwa. Akapiga simu, akasikiliza, akatoa agizo: chungu kibaki pale pale, asikiguse mtu, kesho Mtume atakifunua makaburini.

Mchana haujaisha, vijana wa kina Machage walikuwa wamekaa kikundi nyuma ya zizi.

"Mura, ndugu yangu, yule bibi anatumaliza mmoja mmoja," mmoja alikuwa anasema. "Kwanza baba yenu, sasa mama."

"Tungoje kesho," Machage alijibu. "Mtume akishamtaja, paa la nyumba ile halilali bila kuwaka."

Elieth alimfuata baba mdogo Marwa, mkubwa wa ukoo aliyekuwa anasimamia msiba, akamwambia chungu kile ni cha dawa. Nesi wa Tarime ndiye aliyewafundisha: asiye na friji aweke sindano kwenye chungu ndani ya mchanga mbichi, zitakaa baridi. Marwa akasikiliza, mkono kwenye kidevu.

"Dawa hiyo iko wapi sasa?"

"Aliimwaga."

"Kwa nini mtu amwage dawa yake?"

Elieth akatazama chini. "Alisikia mahubiri."

"Alisikia mahubiri," Marwa alirudia, kama mtu anayepima shilingi bandia kwa meno. "Na mchanga unalowanishwa na nani, kama dawa haipo?"

Elieth akamwacha pale. Akapanda hatua zile thelathini.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Ghati alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. "Umekuja kunichoma au wenye kiberiti wako nyuma?"

"Nimekuja kukuomba uondoke siku chache. Nenda Sirari kwa dada yako."

"Niondoke waseme nimekimbia? Nimeolewa hapa baba yako akiwa na ndevu tatu, nilizihesabu. Sitoki."

"Wamekiona chungu, mama mkubwa."

"Si wana macho. Mchanga ule uliubeba wewe kutoka mtoni, ukalalamika shingo siku mbili. Kawaambie."

"Nimesema. Wanauliza nani analowanisha chungu kitupu."

Ghati akatema pembeni. "Nani kakwambia ni kitupu?"

Akamweleza. Asubuhi ile Felista alipotupa kichupa kizima jalalani, Ghati alikiokota, akakifuta majivu, akakirudisha. Kila siku alikuwa anaingia na kibuyu, anamwagia mchanga, anamwambia mke mwenzake: kipo, ukichoka na wazimu wako kipo. Felista alikuwa anamjibu kwa pambio. Hata siku aliyopelekwa Tarime, kabla chumba hakijafungwa, Ghati aliumwagia mchanga kibuyu kizima. Alipozidiwa, Ghati alikwenda mlangoni mara mbili kuwaambia wampe dawa yake, na mara mbili Rose akamfungia mlango, wakaimba kwa nguvu zaidi ili roho chafu isipite.

Elieth akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mama yake alikuwa amezidiwa kwa kiu juu ya kitanda, na dawa iko chini ya kitanda hicho hicho, baridi kabisa.

"Mimi kwenu kanisani siendi," Ghati alisema. "Lakini mungu anayekasirikia kichupa kidogo kama kidole, huyo anatafuta ugomvi na watu. Sidhani kama ndiye yule mama yako alikuwa anamwimbia."

"Si yeye," Elieth alisema.

"Basi kaseme. Na uyaseme yote. Usiseme nusu uliyompa Marwa. Baba yako mdogo akisikia nusu anaitambua, ameishi kwa nusu maisha yake yote."

Siku ya kuzika watu walijaa hadi kwenye mihogo. Mtume Nashoni alifika na gari lenye spika juu, amevaa suti ya rangi ya maziwa, na alipomwona Elieth akamshika tena bega. Kamati ilikuwa imeshampanga kutafsiri. Nani mwingine? Ghati alikuja pia. Alikaa chini kwenye mkeka na wanawake wazee, miguu imenyooka mbele, na wenzake wakawa wamesogea kidogo kidogo hadi akabaki na mkeka peke yake.

Wasifu ukasomwa na Joel. Mbuzi hakuwemo. Sindano hazikuwemo. Kisha Mtume akashika maiki, na Elieth akashika ya pili. Alianza na ufufuo, na Elieth akautafsiri neno kwa neno, kwa moyo wake wote, maana aliuamini na anauamini hata leo. Halafu Mtume akashusha sauti.

"Mama huyu alikuwa mzima. Mwili huu Bwana aliuponya. Mtu mzima hafi bila mkono wa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya boma hili, chini ya kitanda cha marehemu, kimepatikana kitu."

Vijana hawakuhitaji mkalimani. Vichwa vyao vilikuwa vimeshageuka kuelekea kwenye mkeka. Machage alikuwa amesimama.

"Tafsiri, dada," Mtume alisema.

"Hilo silitafsiri."

Alisema kwenye maiki, kwa Kiswahili, na spika zikalipeleka hadi ng'ambo ya mto. Mtume akatabasamu kama mtu aliyesukumwa kwa bahati mbaya. "Dada ana uchungu. Tumwombee."

Elieth hakungoja kuombewa. Aliingia ndani, wanawake wa maombi wakampisha kama anatoa moto, akarudi na chungu kimekumbatiwa kifuani, mchanga ukimdondokea kwenye sketi nyeusi. Akakata uzi kwa meno. Akatoa kichupa, akakiinua. Kisha akaongea na watu wake kwa Kikurya, na Mtume Nashoni akawa amesimama pembeni anamtazama mdomo, haambulii neno.

Aliwaambia hiki ni cha kisukari. Aliwaambia mchanga aliubeba yeye, chungu alikitoa Ghati, na maji alimwaga Ghati, kwa kuwa katika boma zima ni Ghati peke yake aliyejali uhai wa Felista kuliko kuonekana anaamini. Kisha akafika kwenye ile sehemu iliyomhusu yeye mwenyewe.

"Mnauliza nani amemuua mama yangu. Mama hakujua Kiswahili. Huyu mgeni hakumwambia mama yangu kitu chochote. Aliyemwambia atupe dawa ni mimi. Alikuwa ananitazama mimi. Kesho yake aliniuliza kama ninaamini nilichosema, nikanyamaza kwa kuona aibu. Hospitali daktari aliuliza, nikanyamaza. Kama kuna nyumba ya kuchomwa hapa, ninalala ile ya kati, yenye mlango wa bluu. Na nyie mliotupa dawa siku ile, nendeni kesho mkachukue nyingine. Sauti mliyoifuata ilikuwa yangu, nami nawaambia niliwadanganya."

Hakuna aliyelia.

"Amesema nini?" Mtume alimuuliza Joel. Joel, ambaye kwao ni Magu, hakujua pia. Mtume akainua maiki yake. "Wapendwa, adui anaweza kumtumia hata—"

"Mgeni," baba mdogo Marwa alimkatiza kwa Kiswahili, bila kuinuka kitini. "Tunazika. Maneno yamekwisha."

Machage alisogea hadi mbele. Akachukua kile kichupa mikononi mwa dada yake, akakigeuza, akasoma maandishi kama anayetafuta jina lake humo. Akakirudisha.

"Ulikuwa nyuma yangu," alisema taratibu. "Daktari aliponiuliza. Ulikuwa nyuma yangu umesimama." Akamwacha, akaenda kushika kamba za jeneza.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyemaliza ibada, kwa Kikurya, sala fupi isiyo na spika.

Mtume Nashoni hakupatwa na jambo lolote. Hilo ndilo linalomnyima Elieth usingizi. Mwezi uliofuata alikuwa na mkutano kata nyingine, na watu walisema mkalimani wake mpya ana sauti nzuri kupita ya Elieth. Elieth alikwenda kwa mtendaji, akaambiwa uhuru wa kuabudu. Akaenda kwa wachungaji wengine, wakamwambia tusimhukumu mtumishi. Rose hakuacha kumwita msaliti, ingawa mtu mmoja alimwona kliniki Tarime, amejifunika kanga hadi kwenye nyusi, anasubiri vidonge vya presha. Elieth bado anaenda ibada. Anakaa nyuma. Daftari la kwaya amelirudisha. Kila mtu akisema mbele kwamba Mungu amemtuma aseme jambo fulani, yeye anauma meno na kumwomba Mungu huyo huyo amsamehe kwa kutoamini watu wake.

Nyumba ya Ghati haikuguswa. Wiki ya tatu baada ya msiba Elieth alipanda kumpelekea unga, akakuta rundo la kuni zimepasuliwa upya, zimepangwa ukutani hadi dirishani.

"Ndugu yako alikuja jana kutoka Kerende," Ghati alisema.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alipasua kuni kutwa nzima, akala ugali wangu, akaondoka."

Elieth alikuwa hata hajajua kwamba Machage alipita bomani. "Na mimi hakuniulizia?"

Ghati akapokea unga, akaupima uzito kwa mkono. "Mimi nilisingiziwa, mwanangu. Wewe ulifanya. Kwangu kuni zinatosha. Kwako itachukua muda mrefu, na pengine muda wenyewe hautatosha."

Elieth hakubisha. Aliuliza kama kuna jembe lisilo na kazi, maana palizi ya wimbi la mama ilikuwa imechelewa na magugu yalikuwa yameanza kulishinda.